Nilivyomtega rakuni aliyekuwa akiua kuku wangu

Nimelelewa Muheza, mkoani Tanga, na maadui wa kuku niliowajua utotoni walikuwa mwewe mchana na kicheche usiku. Rakuni, mnyama wa porini wa Amerika Kaskazini anayezidi paka kidogo kwa ukubwa na hutembea usiku, sikumjua mpaka nilipohamia Ohio, Marekani, nikaanza kufuga kuku tisa nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya jiji la Columbus. Asubuhi moja mwishoni mwa Mei nilikuta mitetea watatu wamekufa. Wawili walikuwa sakafuni, vifua vimeraruliwa na kifuko cha chakula cha shingoni kimeliwa. Wa tatu hakuwa na kichwa, na mwili wake ulikuwa ungali umebana kwenye wavu kwa upande wa ndani.

Huyo wa tatu ndiye aliyenieleza nani alikuja. Rakuni hutafuta chakula kwa kupapasa, hata majini, na vidole vyake vya mbele vina hisia kali mno. Nyayo zake kwenye tope hufanana na viganja vya mtoto mdogo. Kuku haoni gizani, kwa hiyo hulala karibu na wavu bila kujua kwamba mkono unamfikia. Rakuni hupenyeza mkono huo katika matundu ya wavu wa kawaida wa kuku, akamshika ndege kichwani, akavuta. Kwa wale wawili aliingia mlangoni, kwa sababu komeo nililoliweka lilikuwa la kuinua tu, na kuinua komeo si kazi ngumu kwake.

Jirani aliniazima mtego wa kizimba, yaani kasha la nyaya lenye urefu wa kama sentimita 80, ambalo mlango wake hujifunga mnyama anapokanyaga kibamba kilicho ndani. Usiku wa kwanza niliweka kichwa cha samaki nikanasa paka wa mtaani kwetu. Nilimfungulia, na tangu hapo chambo changu kimekuwa marshimalo, zile peremende nyeupe laini, zikiwa zimepakwa siagi ya karanga, kwa kuwa paka hawavutiwi na utamu ilhali rakuni huupenda sana. Usiku wa pili chambo kiliondoka na mtego haukufyatuka, maana rakuni alikuwa amekichomoa kwa nyuma kupitia katikati ya nyaya. Basi nikaufunika mwisho wa mtego kwa ubao, nikaweka tofali juu usipinduliwe, nikasogeza chambo mbali kabisa na mlango ili anayekifuata asiwe na budi kukanyaga kibamba.

Alinaswa usiku wa nne. Nilikuwa nimekusudia kumpakia garini nikamwachie msituni, nikiamini kwamba huo ndio wema. Kabla ya kufanya hivyo nilimpigia simu mtu mwenye leseni ya kushughulikia wanyamapori wasumbufu, akanikataza kwa msisitizo: kwa kanuni za Ohio, rakuni aliyenaswa kwa kosa la kusumbua huachiwa palepale aliponaswa au huuawa kwa njia isiyomtesa, na hahamishwi. Sababu yake ni kichaa cha mbwa. Kwetu ugonjwa huo hutoka kwa mbwa zaidi, na jina lake linaonyesha hivyo, lakini mashariki ya Marekani upo mkondo wa virusi unaoenezwa na rakuni. Mkondo huo ulikuwa umekaa Florida na majimbo jirani kwa miaka mingi, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaibuka mpakani mwa Virginia na West Virginia baada ya watu kusafirisha rakuni kutoka kusini kwa ajili ya uwindaji, na kutoka hapo ukapanda hadi kaskazini. Tangu 1997 Ohio hutawanya chambo chenye chanjo, kingine kikidondoshwa kutoka kwenye eropleni, ili kuuzuia usisonge magharibi. Nilipoyasikia hayo niliona aibu kwa safari niliyokuwa nimeipanga, kwani ningeweza kubeba maradhi nikidhani nabeba huruma.

Yule mtaalamu alipofika aliniambia nitazame tumbo la mnyama. Chuchu zilikuwa zimejaa. Rakuni wengi wa huku huzaa Aprili na Mei, na watoto hutegemea maziwa kwa wiki nyingi. Kumuua mama wakati huo ni kuwaacha wafe njaa ndani ya mti fulani, au ndani ya dari ya mtu. Nilimwachia palepale. Sikumwachia kwa sababu ya huruma peke yake, maana nilikuwa nimekwisha kulitengeneza banda upya.

Na hapo ndipo nguvu zangu zilipopaswa kwenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu rakuni mmoja akiondoka na banda likabaki wazi, mwingine hulirithi. Niliung'oa wavu wa kuku wote nikafunga wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya milimita 13, ambayo mkono wa rakuni haupiti. Nje, kuzunguka banda, nililaza ukanda wa wavu huohuo wenye upana wa sentimita 30 na kuufunika kwa udongo, ili anayechimba ukutani akutane nao. Mlango ukapata komeo pamoja na kulabu ya springi inayohitaji kubanwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Mabaki ya chakula cha kuku huingia ndani jioni, kwenye pipa la bati.

Mahali mtego ulipokuwa nilipamwagia maji yaliyokuwa yakichemka, nikiwa nimevaa glavu. Kinyesi cha rakuni huweza kubeba mayai ya minyoo ambayo dawa za kawaida za usafi haziyaui, nayo ni hatari zaidi kwa watoto wadogo wanaotia mikono mdomoni, na mimi nina mmoja wa miaka miwili.

Usiku uliofuata alirudi. Asubuhi nilikuta viganja vyake vimezunguka banda lote juu ya ule udongo mpya, vimerudia mara mbili mbele ya mlango, kisha vimeelekea kwenye mifereji nyuma ya uzio. Ndani kuku sita walikuwa juu ya kichanja chao.