Nilivyoandika historia ya kikundi chetu cha wazazi Eastlands, Nairobi

Kikundi chetu hakijawahi kuwa na jengo lake. Kilianzishwa na kina mama waliojuana kwenye foleni ya kliniki, kila mmoja akiwa amembeba mgongoni mtoto aliyepita umri wa kubebwa. Waliomba ukumbi wa kanisa, wakapewa. Hadi leo watu wazima wenye usonji, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili hufika hapo kusuka vyondo, kupika na kukaa na wenzao. Kaka yangu ni mmoja wao. Mwenyekiti wetu alipotangaza kwamba anarudi Murang'a kupumzika, nilijua ataondoka na mambo mengi ambayo hayajaandikwa popote. Nikaomba kazi ya kuyaandika.

Karatasi zilikuwa chache: madaftari ya mikutano, cheti cha usajili kutoka huduma za jamii, stakabadhi za harambee na bahasha ya picha. Yaliyobaki yote yalikuwa vichwani mwa kina mama, nao miaka hawaishiki. Wanashika mvua, misiba na uchaguzi. Basi nikawa siulizi mwaka. Nilikuwa nauliza, "Mama, hiyo ilikuwa kabla ya mvua za El Niño ama baada yake?" Mvua hizo zilianza mwishoni mwa 1997. Bomu la ubalozi wa Marekani lililipuka tarehe 7 Agosti 1998. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja Januari 2003, na ghasia za uchaguzi zikaanza Desemba 2007. Hivyo vikawa vigingi vyangu, na kila kisa kilifungwa kwenye kimojawapo. Mama mmoja alishikilia kwamba harambee ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya bomu. Nilipofungua stakabadhi, michango yote ilikuwa ya Septemba 1998.

Nilitaka pia msomaji aelewe kwa nini walilazimika kuanza wenyewe, ilhali Nairobi ilikuwa na shule. Jacaranda, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, ilipata sura yake mwaka 1968, shule mbili za tangu enzi za ukoloni, St. Nicholas na ile ya Aga Khan, zilipounganishwa. Mwaka 1984 serikali, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu, na mwaka 1986 chuo cha KISE kikaanzishwa kuwaandaa walimu wa elimu maalum. Hizo zilikuwa hatua kubwa. Lakini kina mama wetu walitoka kupimwa na barua mkononi, wakaambiwa nafasi zimejaa. Waliobahatika kupata nafasi walipanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Halafu, hata kwa hao, shule ilifika mwisho. Mtoto akageuka kijana wa miaka ishirini anayeshinda ndani huku mama akifunga mlango kwa nje ili akauze mboga. Mlango huo uliofungwa kwa nje ndio ulioleta kikundi chetu, na kila mama niliyezungumza naye aliutaja bila kuulizwa.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilitoka kwa wanachama wenyewe. Sikutaka historia yao isimuliwe na wazazi peke yao. Maswali yangu yaliwachosha, kwa hiyo nilitandaza zile picha mezani, nikamwita mmoja mmoja na kunyamaza. Wengine walicheka tu. Kaka yangu, ambaye maneno yake ni machache, aliweka kidole juu ya mti uliokuwa uani na kukiacha hapo muda mrefu. Mti huo ulikatwa zamani, na chini yake ndipo alipokuwa akipenda kukaa. Dada mmoja mwenye sindromu ya Down alitaja kila uso kwa jina, mpaka wa mpishi wa miaka ya mwanzo ambaye hakuna mzazi aliyemkumbuka. Hata madaftari hayamtaji, kwa kuwa hakuwa akilipwa. Tulimtafuta, tukampata Dandora, na masimulizi yake ndiyo marefu kuliko yote katika kitabu.

Kabla ya kuchapisha nilimsomea kila mtu sehemu yake. Mama mmoja aliomba tuondoe habari za mumewe kumwacha baada ya mtoto kuzaliwa, nikaziondoa zote. Kuna aliyenilaumu kwamba nimepunguza ukweli. Mimi naona maisha ni yake, na ruhusa ni yake.

Kitabu tulikichapisha katika barabara ya River Road, mjini Nairobi, kwa herufi kubwa na picha nyingi, ili hata wasiosoma wajione. Sasa katibu mpya anaandika tarehe kamili ya kila mkutano, majina ya wanachama wote waliokuwepo, na jina la aliyepika.