Pampu ya mafuta ya Subaru ya turbo: usinunue namba ya kwenye boksi

Wenye Impreza na Forester za turbo huuliza "niweke pampu ya lita ngapi?" kabla ya kujua pampu hiyo itasukuma dhidi ya presha gani. Zile lita 255 kwa saa ambazo kampuni ya pampu ya Walbro imejulikana kwazo zinahusu presha ya karibu psi 40 (psi ni kipimo cha presha). Mguu ukizama na turbo ikiamka, presha kwenye reli ya injekta (bomba linalogawa petroli kwa injekta, vinyunyizio vya injini) haiko tena hapo.

Riguleta ya mafuta, kifaa kinachosawazisha presha hiyo, huunganishwa na manifoldi (bomba la hewa inayoingia kwenye injini) kwa hozi nyembamba. Presha ya msingi ni psi 43.5, na kila psi moja ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) huongeza psi moja kwenye reli, ili injekta ziendelee kupuliza kwa tofauti ileile. Kwa busti ya 20, pampu inasukuma dhidi ya psi 63.5. Hakuna pampu ambayo ujazo wake haushuki presha inapopanda; ile ya 255 hapo hubaki na lita 200 na ushei. Kwa hiyo omba chati ya mtengenezaji, fuata mstari wa volti 13.5, kisha soma lita zake kwenye psi 65. Muuzaji asiye na chati, mwache. Pampu bandia zimejaa sokoni, na bei ya chini ya kushangaza ndiyo dalili yake ya kwanza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Injini ya turbo hunywa takriban kilo 0.27 za petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Kwa mfano, farasi 400 ni kilo 108, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, unapata lita 146 kwa saa. Ongeza asilimia 20 ya akiba: lita 175. Hiyo 255 nzuri, yenye waya mzuri, inakutosha. Ukitumia E85 (mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85), ujazo unaohitajika hupanda kwa karibu theluthi moja, nayo 255 haitoshi tena. Nenda kwenye daraja la 340 iliyotengenezwa kwa ajili ya ethanoli. Kumbuka kwamba farasi hizi ni za kwenye kranki, yaani zinazotoka kwenye injini yenyewe. Kama namba yako ni ya dyno ya magurudumu (mashine inayopima nguvu inayofika kwenye matairi), kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, ongeza robo hivi kabla ya kupiga hesabu.

Kuna jambo la kwetu ambalo hesabu za wageni hazina. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni kama psi 12. Mombasa ni 14.7. Gari ambalo busti yake inashikwa na springi ya wastegeti (vali inayozuia busti isizidi), likisoma 20 kwenye geji Nairobi, litasoma 20 Mombasa pia, lakini hewa inayoingia ni zaidi kwa asilimia 8 hivi, na mafuta lazima yaongezeke vilevile. Joto la pwani hupunguza tofauti hiyo kidogo, haliifuti. Pampu iliyokuwa ukingoni huku juu itakosa pumzi ukishuka Mazeras. Akiba ya asilimia 20 ina kazi.

Je, kubwa zaidi ni salama zaidi? Hapana. Pampu ya 340 au 450 kwenye njia ya kurudishia mafuta ya kiwandani inaweza kuishinda riguleta: silensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa) inakuwa tajiri, yaani petroli inazidi hewa, gari linanuka petroli na plagi zinakuwa nyeusi. Pima hivi: injini ikiwa silensa, chomoa hozi ya riguleta na uizibe. Geji isome karibu 43.5. Ikisoma 50, mafuta yanayorudi yamekwama, nawe unahitaji riguleta kubwa zaidi.

Halafu umeme. Subaru nyingi za miaka ya 2000 zina kidhibiti cha pampu kinachoiendesha kwa hatua za asilimia 33, 66 na 100. Pampu kubwa huvuta ampea nyingi na kukichemsha. Pima volti kwenye vituo vya pampu yenyewe ikiwa na mzigo. Ikipungua zaidi ya nusu volti kutoka ya betri, vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, wenye fyuzi karibu na betri, kupitia relei ya ampea 30 inayowashwa na waya wa umeme unaoingia kwenye kidhibiti, si ule unaotoka kwake kwenda pampu, kwa sababu umeme wake hukatwakatwa. Badilisha pia waya wa hasi. Wengi huusahau, kisha wanailaumu pampu.

Kufunga ni kazi ya asubuhi moja, nje, mbali na moto, kizima moto kikiwa karibu. Tenganisha plagi ya pampu, endesha injini mpaka izime yenyewe, ondoa hasi ya betri. Pampu kwa kawaida iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Safisha vumbi lote kabla ya kufungua kifuniko, kwa sababu punje ya mchanga ikidondoka ndani inaweza kuishia kwenye injekta. Weka kichujio kipya kwenye mdomo wa pampu unaonyonya mafuta, na hozi ya ndani ya tanki iwe ya daraja la 30R10, iliyotengenezwa kuzama kwenye mafuta. Hozi ya kawaida ya mafuta hulainika ikizama, ikapasuka, na presha ikavujia tankini bila wewe kuona tone. Nati kaza kwa mfano wa nyota, 4.4 Nm tu.

Usipige busti kamili siku hiyo. Rekodi presha ya reli pamoja na busti kwenye gia ya tatu, ukianza na busti ndogo. Toa busti kwenye presha ya reli: jibu libaki 43.5 hadi injini ifike mzunguko wake wa juu kabisa. Likishuka hadi 40 na kuendelea kushuka, ondoa mguu hapo hapo. Mafuta yakipungua kwenye busti injini inagonga (petroli inalipuka kabla ya wakati wake), na pistoni za EJ25, injini ya Subaru ya lita 2.5, hupasuka kwenye kingo za ringi kabla hujasikia chochote.