Kupalilia majani

Leo Jumamosi nimekata majani yangu mwenyewe, ya kupanda. Najua msomaji wa kwetu atacheka, maana hata Mama alicheka nilipomwambia nataka kupanda majani kule tambarare.

"Upande majani? Mwanangu, sisi tumezeeka tukiyang'oa."

Nilimwelewa. Ukisikia watu wanasema shamba la fulani limeota majani, ujue hawamsifii. Ila majani hayohayo ndiyo yaliyomchubua Mama utosi. Kwetu Machame ng'ombe hukaa bandani juu kihambani, katikati ya migomba na kahawa, na chakula chake kinatoka chini. Nilipokuwa mdogo akina mama walikuwa wakishuka na mundu na kamba kabla hakujapambazuka, jua likichomoza wanaupanda mlima, mzigo umewafunika hadi mabegani. Walikata kando ya barabara, kando ya mfereji, kwa mtu yeyote aliyekubali. Siku hizi kando ya barabara kuna fremu za maduka, na kiangazi kikikaza watu wanagombania mabua ya mahindi kama vile ni saruji.

Shamba lenyewe ni ekari moja na nusu, upande wa Boma Ng'ombe. Mzee alipofariki lilikaa misimu mitano bila jembe. Sisi watoto kila mmoja alidhani mwenzake anaenda. Siku nilipokwenda nikakuta gugu karoti limenifika kifuani: majani yamechanikachanika kama ya karoti kweli, na vijiua vyeupe vidogo, shamba zima kama limenyunyiziwa chumvi. Gugu hili asili yake ni Amerika, na hapa nchini lilianza kuonekana Arusha mwaka 2010. Ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na mtu akilishikashika mikono inawasha hadi anashindwa kulala. Mche mmoja unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000. Na mle ndani ilikuwepo miche mingapi?

Nikaona aibu, na kwa kuona aibu nikakurupuka. Nilitaka wapita njia waone shamba safi kesho yake. Nikaita trekta, jembe la sahani, asubuhi moja kazi imekwisha. Nikapiga na picha nikawatumia ndugu zangu. Udongo mwekundu, laini, unavutia.

Chini ya gugu karoti kulikuwa na sangari, gugu la aina ya nyasi, na hilo sikuliona. Anayelima anaijua: mizizi myeupe inayotambaa chini kama kamba, na kila kifundo ni mche unaosubiri. Sahani zile zilikatakata kamba moja vipande ishirini na kuvisambaza shamba zima. Vuli ilipokuja, pale penye fungu moja pakawa na ishirini. Kwa kifupi, nilimlipa mwenye trekta anipandie sangari. Na gugu karoti nalo likarudi, maana mbegu zilizokuwa zimelala chini zilifunuliwa zikaona mwanga.

Niliacha kwa muda. Nilikuwa na hasira na kipande cha ardhi, jambo la kipumbavu kidogo.

Januari nikaanza upya, safari hii kwa kiangazi. Tukapiga haro, ile ya kuvunjavunja udongo, tukaacha jua lifanye kazi wiki mbili, tukapiga tena. Mizizi ya sangari ikalala juu ya udongo ikakauka hadi ikawa inavunjika kama tambi mbichi. Vibarua wawili na mimi tukaikusanya kwa reki tukaichoma. Gugu karoti tuling'oa kwa mikono iliyovaa glovu na vitambaa puani, kabla halijatoa ua.

Mvua za Machi zikaanza, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Sikupanda. Jirani yangu Baba Neema mahindi yake yalishachomoza, anapita mpakani ananiuliza, "Dada, mvua inapita, unasubiri nini?" Nilikuwa nasubiri magugu yaote. Kila kilichokuwa tayari kuota kiote kwanza, nikipitie na jembe juujuu, bila kuchimbua, maana ukichimbua unaamsha mengine. Wiki tatu nikikaa kuangalia magugu yanavyostawi kwenye shamba nililolipia. Usiku ikinyesha nilikuwa naamka.

Mbegu nazo zilinipa somo. Nilichagua nyasi za Rhodes. Ni nyasi zetu hizi za Afrika ila zimebeba jina la Cecil Rhodes, hebu fikiria. Mfuko wa kwanza niliununua duka moja la pembejeo. Nikahesabu mbegu 100, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevunyevu. Baada ya siku kumi zimeota 11. Sikugombana, nilitafuta kwingine, na huko ziliota zaidi ya nusu. Mbegu hizi ni nyepesi kama manyoya ya kifaranga, ukirusha upepo unazirudisha usoni. Nilichanganya na mchanga mkavu, kilo 5 kwa ekari, nikamwaga kwa kwenda na kurudi, kisha tukaburuta tawi la mkrisimasi juu yake. Hazitaki kufukiwa. Ukizifukia sentimita tano umezizika.

Zilipochomoza, wembamba wa uzi, Mama akasema atashuka kuona. Akakaa chini kwenye kiroba, miguu imenyooka, akaanza kuchambua. Mimi nilikuwa siwezi kutofautisha mche wa Rhodes na wa sangari. Yeye alikuwa anavuta kidogo kwa vidole viwili: wa Rhodes unakuja na kishungi chake kifupi, wa sangari unasita, umeshikwa na kamba huko chini. "Huu una mama yake," anasema, anaufuata kwa kijiti hadi mwisho. Tulipalilia majani hivyo mara mbili, mchana kutwa. Watu wakipita barabarani wanasimama kidogo, wanatusalimu, wanaendelea.

Leo, Julai hii ya baridi, zimefika kiunoni. Tumekata tukiacha kama kiganja kutoka ardhini ili zichipue, na ng'ombe haingii humu mwaka huu, maana atazing'oa na mizizi. Nimehesabu mizigo 23. Pembeni kuna viraka vya sangari bado, na kando ya njia nimeng'oa gugu karoti jingine asubuhi hii hii.

Tulipokuwa tunafunga, Baba Neema akaniita mpakani. Rhodes hutambaa; vikonyo vyake vilikuwa vimevuka mtaro vikaingia kwenye mahindi yake, vimeshika mizizi kila penye kifundo.

"Dada, majani yako yamekuja kwangu."

Nikachukua jembe nikaenda kuyang'oa. Mama akanifuata nyuma akiyaokota moja moja, anakung'uta udongo, anaongeza kwenye mzigo wake.