Ukitaka isivunjike, ipunguze unene

Kila mwanafunzi wa fildi anayeletwa karakanani kwetu namwanzishia zoezi lile lile. Achore kimeza kidogo cha plastiki kinachoweza kusogea milimita 2 kushoto na milimita 2 kulia, bila bawaba, bila beringi, bila skrubu hata moja. Kitoke kwenye printa ya 3D kikiwa kipande kimoja na kianze kazi hapo hapo. Kimeza kinabebwa na mabapa mawili, yaani vipande bapa vyembamba vilivyo sambamba, vinavyokiunganisha na kitako; kila moja lina urefu wa milimita 30 na upana wa milimita 10. Ukikisukuma, mabapa yanapinda na kimeza kinahama bila kuinama. Ukikiachia, kinarudi chenyewe.

Kijana wa safari hii alikuja na mabapa ya unene wa milimita 2. Akasukuma, ta! Bapa likakatikia kwenye shina, pale linaposhikwa. "Usijali dada, naongeza nyama." Kesho yake kaja na milimita 3, na ile ikakatika mapema zaidi ya ya kwanza. Akabaki ameshika vipande viwili, ananiangalia kama nimemfanyia kiini macho.

"Sasa dada, mbona nimeiongezea halafu ndiyo imekufa haraka?"

Swali hilo ndilo ninalolisubiri kila mwaka. Mafundi wengi, tangu tukiwa wanafunzi, tumelelewa na mizigo. Rafu itabeba kilo 50, mlango una uzito kadhaa, boriti itashika dari. Mzigo unajulikana, na ukiongeza unene unakuwa salama zaidi. Lakini kwenye kimeza chetu hakuna aliyetaja mzigo. Kilichotajwa ni umbali: milimita 2, lazima zitimie. Nguvu ya kufikisha hapo itakuwa yoyote itakayohitajika, na kadiri bapa linavyokuwa nene ndivyo unavyolilazimisha kwa nguvu zaidi lipinde pale pale.

Hesabu yake ni fupi. Kwa bapa lililoshikwa pande zote mbili namna hii, mkazo (nguvu inayobeba kila eneo la bapa) mkubwa zaidi ni mara tatu ya moduli ya Young, yaani kipimo cha ugumu wa kitu, zidisha unene, zidisha umbali wa kusogea, gawanya kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Unene uko juu ya mstari, urefu uko chini tena kwa kipeo cha pili. Plastiki ya PLA, ile tunayochapia, ina moduli ya karibu megapaskali 3,500 (megapaskali ni kipimo cha mkazo pia), na huanza kukata tamaa kwenye mkazo wa megapaskali 50 hivi. Weka milimita 2 za unene: unapata megapaskali 47, yaani umesimama ukingoni. Weka 3: unapata 70, umeshaanguka. Weka 0.8: unapata 19, na hapo bapa linapinda kutwa nzima bila kulalamika.

Nguvu nayo inashangaza zaidi, kwa sababu inafuata unene kwa kipeo cha tatu. Kile kimeza cha milimita 3 kingetaka nguvu sawa na uzito wa kilo 14 kufika mwisho wa safari, kama kingefika. Cha 0.8 kinataka kama robo kilo. Unakisogeza kwa kidole kimoja.

Nasema 0.8 na si 0.7 wala 1.0 kwa sababu ya printa. Pua ya printa yetu ina tundu la milimita 0.4, kwa hiyo 0.8 ni mistari miwili iliyoshikana barabara. Ukichora 1.0, programu ya kukata tabaka inaanza kubahatisha: mara ibane mistari, mara iache mwanya katikati, na mwanya huo ndio utakaokuwa ufa wako baadaye. Na bapa lazima lichapwe likiwa limelalia ubavu, mistari ya plastiki ikikimbia kwa urefu wake kutoka shina hadi shina. Ukilisimamisha wima, tabaka zinapangana kukatiza bapa na litaachana kwenye kiungo cha tabaka hata ungekuwa na hesabu nzuri namna gani. Pale shinani usiache kona kali. Zungushia kidogo, mkazo unapenda sana kona.

Huwa kuna mjanja anayeuliza kwa nini tusitumie chuma, maana chuma kina nguvu. Kina nguvu kweli, lakini pia ni kigumu kupinda mara 60 kuliko PLA. Bapa la chuma la vipimo vile vile, unene 0.8, likisogezwa milimita 2 linapata mkazo wa zaidi ya megapaskali 1,000. Chuma laini cha kawaida kinakubali kama 250 tu kabla ya kupinda moja kwa moja. Kwa hiyo pale ambapo plastiki inarudi, chuma kinabaki kimekunjika. Kwa kazi hizi usiulize ni kitu gani kina nguvu zaidi. Gawanya nguvu ya kitu kwa ugumu wake wa kupinda ndipo uchague. Plastiki ya polipropilini iko juu sana kwenye orodha hiyo, na ndiyo maana kifuniko cha shampuu unakifungua na kukifunga mpaka chupa inaisha na kile kikunjo chembamba bado kizima. Chuma nacho kinafanya kazi nzuri ukikikata chembamba. Chungulia chini ya Fuso: springi ya nyuma ni mabapa kadhaa yaliyolaliana na kufungwa kwa yubolti. Wangeweka pande moja nene la unene huo huo, lingekuwa gumu kupita kiasi na lingepasuka kwenye shimo la kwanza.

Ukishatoka kwenye kimeza na kutaka kuchora kitu chenye viungo vingi, hesabu za kupinda zinakuwa ngumu haraka. Hapo nawafundisha njia iliyoenezwa na Larry Howell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani. Bapa lililoshikwa upande mmoja unalichukulia kama fimbo ngumu yenye bawaba na springi ya kusokota, bawaba ikiwa asilimia 85 ya urefu kutoka kwenye ncha. Inatosha kabisa kwa penseli na karatasi. Kompyuta ije baadaye.

Na kwa nini tujisumbue na haya wakati bawaba zinauzwa Kariakoo? Kwa sababu bawaba inacheza. Kila kiungo chenye pini na tundu kina ulegevu fulani, kinataka grisi, kinashika vumbi. Bapa halichezi. Mfano ninaoupenda ni hadubini ya OpenFlexure, iliyoanzia Uingereza na kutengenezwa pia hapa Dar es Salaam na karakana ya ubunifu ya STICLab, kisha Taasisi ya Afya Ifakara ikashiriki kuijaribu kwa kazi ya malaria. Jukwaa lake ni plastiki iliyochapwa kipande kimoja. Linasogeza slaidi milimita 12 kwa 12, na lenzi inapanda na kushuka milimita 4, kwa hatua zilizo chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, likisukumwa na skrubu za M3 (unene wa milimita 3) na vimota vya bei ya chini. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kimelea ndani yake ni kidogo zaidi. Ukikitafuta kimelea hicho kwa bawaba yenye ulegevu, utaona picha inarukaruka tu.

Kuna gharama yake, na sipendi wanaoificha. Kimeza cha mabapa hakisogei kwa mstari ulionyooka, kinachora upinde. Kile cha wanafunzi, kikienda milimita 1 pembeni, kinashuka mikromita 20. Kwa jicho ni sifuri. Kwa lenzi ya kukuza mara 100, ambayo kina chake cha fokasi hakifiki mikromita 1, picha imeshapotea. Ndiyo maana programu ya hadubini ile hutafuta fokasi upya inapozunguka slaidi. Pia hakuna bapa litakalozunguka duara zima, kwa hiyo gurudumu bado linahitaji ekseli yake.

Cha mwisho ni joto, ambalo vitabu vilivyoandikwa kwenye baridi huligusia kidogo. PLA hulainika kuanzia nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dar linaweza kufika huko juu ya dashibodi. Hata chini ya hapo, bapa likiachwa limepinda muda mrefu linazoea mkao huo na halirudi lote. Kwa hiyo jioni kila kimeza karakanani kinarudishwa katikati kabla hatujafunga, na kazi ya mteja inasafiri chini ya kiti, si mbele. Yule kijana sasa anachora cha mabapa manne yaliyokunjwa, ili upinde wa mawili uufute upinde wa mawili mengine. Nimemwambia aanze na 0.8.