Jinsi nilivyoirudisha hewani tamthilia iliyouawa na ratiba

Watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia neno lile lile: "Andika kitu kizuri, watazamaji watakuja wenyewe." Mmoja wao ni mtu ninayemheshimu sana katika kazi hii, na alinishika bega alipolisema. Nimelibeba neno hilo muda mrefu, leo nalitua hapa. Si kweli. Mtazamaji hawezi kukifuata kitu asichojua kama kipo, tena kikiwa leo Alhamisi, keshokutwa Jumamosi, wiki ijayo hakionekani.

Kazi yenyewe ilikuwa tamthilia ya sehemu 13, kila moja dakika 48, juu ya kina mama wanaonunua samaki mnadani pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, na kuwatembeza mitaani. Jinsi tulivyopata pesa na kuirekodi sitawachosha nayo. Ijulikane tu kwamba niliiandika na kuitayarisha mimi, kwamba humo ndani kuna akiba ya ndugu zangu, na kwamba waigizaji waliamka saa 9 za usiku kwa wiki saba kwa sababu mnada wa samaki haumsubiri mtu. Kituo kimoja cha televisheni kiliinunua kwa leseni ya mwaka mmoja. Tukapangiwa Alhamisi, saa 3:30 usiku, kuanzia Septemba. Siku ya kutia saini tulichinja kuku.

Promo, yaani tangazo la kuwaita watazamaji, ilitengenezwa na kituo, ya sekunde 20, picha safi kabisa. Mwishoni ikaandikwa kwa herufi kubwa: ALHAMISI 9:30. Ratiba ya kompyuta ilisema 21:30, mtu wa michoro akaigeuza kwa hesabu ya Kizungu na asiulize mtu. Mama yangu, aliyeko Tanga, alisoma kama anavyosoma kila Mswahili: saa tisa na nusu. Alhamisi ile aliwaita majirani watatu, akakaanga kachori, wakaketi mbele ya televisheni tangu saa 9 alasiri. Saa 11 jioni akanipigia. "Mwanangu, mbona wanaonyesha katuni tu? Au nimekosea chaneli?" Nilimwambia arudi saa 3:30 usiku. Majirani walikuwa wameshaondoka, na wawili kati yao hawakurudi tena hata siku moja. Kosa lile lilichukua wiki mbili kusahihishwa. Na hata liliposahihishwa, promo ilikuwa inarushwa baada ya saa 5 usiku, katikati ya marudio ya marudio. Mama muuza samaki, anayeamka saa 9, saa 5 usiku yuko wapi kama si usingizini?

Wiki ya nne wakarusha sehemu ya 5 kabla ya ya 4. Sehemu ya 4 ndiyo anapokufa baharini mume wa mhusika mkuu, na ya 5 ni matanga. Kwa hiyo waliokuwa wakitufuata walimwona mjane analia, hawajui kafiwa na nani, na wiki iliyofuata wakamwona marehemu anakula wali na samaki wa kupaka, yu mzima. Niliandikiwa ujumbe na watu ambao siwajui wakiniuliza kama mwandishi nilikuwa timamu. Niliwajibu mmoja mmoja mpaka alfajiri.

Kisha tukahamishwa. Waliniambia kwa simu, siku mbili kabla: Jumamosi, saa 3:30 usiku, "kwa sababu mpira unaisha saa 3:20, watu wote wako mbele ya TV." Ilikuwa Oktoba, na kweli ile mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayochezwa saa 11:30 jioni kwa saa za kwao, kwetu ilikuwa inaanza saa 1:30 usiku. Hesabu ilionekana nzuri. Nami nikaamua kuitangaza mwenyewe, nisiwategemee tena.

Nilikodi gari la matangazo. Dereva, spika mbili za pembe juu ya paa, na kijana mwenye sauti ya kunadi. Na mafuta na chakula cha kijana, ilinitoka kama laki tatu na ushee. Siku mbili tulizunguka Temeke, Tandika, Mtoni, Mbagala mpaka Rangi Tatu. "Jumamosi hii! Saa tatu na nusu usiku! Mpira ukiisha, usiguse rimoti!" Watoto walitukimbilia, kina mama wakatoka milangoni, na mwenye kibanda umiza mmoja Mbagala, banda la kutazamia mpira kwa kiingilio, akaniahidi kuwa ataiweka yetu mara tu mechi ikiisha, bila kuwatoza watu zaidi. Nikaenda mwenyewe. Nikaketi benchi la nyuma, watu wamejaa mpaka mlangoni, nikaangalia saa yangu. Saa 3:30 mpira unaendelea. Saa 3:45 unaendelea. Ndiyo kwanza kipindi cha pili kimeanza.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya walikuwa wamerudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka, na sisi huku hatugeuzi saa. Mechi ya saa 1:30 ikawa ya saa 2:30, na kwisha kwake ni saa 4:20. Tamthilia yetu ilianza na kwisha yote nikiwa nimekaa pale, na hakuna aliyeiona, kwa sababu rimoti ilikuwa mkononi mwa mwenye kibanda na macho ya watu yalikuwa uwanjani. Yule bwana aliniomba radhi kama vile kosa ni lake. Hakuna mtu kituoni aliyekuwa ameangalia kalenda. Wala mimi sikuiangalia, na hilo liliniuma kuliko laki tatu.

Baada ya sehemu ya 9 wakatukata. Barua ya mistari miwili: watazamaji hawakufikia matarajio.

Mwaka ule wa kusubiri leseni iishe niliutumia kusoma juu ya wenzangu. Firefly, ya Marekani, nilikuwa nimeshaisikia kama tamthilia ya anga iliyofeli, basi. Kumbe sehemu yake ya kufungulia, ndefu ya saa mbili, iliyotengenezwa makusudi ili watu wawajue wahusika, kituo cha Fox hakikutaka ianze. Wakaanza na nyingine, tarehe 20 Septemba 2002, Ijumaa usiku, siku ambayo vijana hawakai nyumbani. Wiki nyingine besiboli ikachukua nafasi yake. Sehemu ya kufungulia ikaja kurushwa tarehe 20 Desemba, ya mwisho kabisa. Kati ya sehemu 14 zilionekana 11. Mwaka uliofuata ilipotoka kwa DVD watu waliigombania, na mwaka 2005 ikatengenezewa sinema. Niliposoma kwamba mlango wa mbele wa hadithi ulifunguliwa wageni wakiwa wanaaga, nilimkumbuka marehemu wetu anayekula wali.

Star Trek nayo, tamthilia nyingine ya anga ya Marekani, msimu wake wa tatu, 1968, kituo cha NBC kiliipeleka Ijumaa saa 4 usiku, na mwaka uliofuata ikaishia sehemu ya 79. Iliokolewa na marudio, yaliyorushwa na vituo vya miji mbalimbali saa za mchana na jioni, watoto wametoka shule. Sehemu ni zile zile, hakuna neno lililobadilishwa. Lakini iliyonipa moyo zaidi ni Cheers, vichekesho vyao vya watu wa baa moja. Ilipoanza 1982 ilikuwa karibu na mkiani kabisa katika orodha ya watazamaji. NBC hawakuitupa; waliiacha Alhamisi, wakaisubiri, nayo ikaishi misimu 11.

Basi nikanunua daftari la kurasa 96 na kurudi mitaani, safari hii bila spika. Kwa wiki karibu tatu niliingia saluni 11, vibanda umiza sita, migahawa, na sebule za watu walionikubalia. Sikuuliza kama wanapenda tamthilia, maana kila mtu atakwambia anapenda. Niliuliza jambo moja: saa hizi rimoti iko mkononi mwa nani? Hili ndilo ninalojivunia kuliko yote niliyowahi kuandika, na halina hadithi ndani yake, ni safu tatu tu za kalamu: saa, nani, anatazama nini.

Saa 10 jioni rimoti ni ya watoto. Saa 1 usiku ni ya mama, maji ya ugali yako jikoni, naye anafuata tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Ikigonga saa 2 baba anaichukua kwa taarifa ya habari, na Jumanne na Jumatano zenye mechi za Ulaya hairudishi tena. Mwezi wa Ramadhani yote haya yanavunjika: magharibi watu wanafuturu, saa 2 wako tarawehe, na kule Tanga na Zanzibar nyumba ina watu na televisheni haina. Na kuna saa ambayo hakuna mkuu wa vipindi aliyewahi kunitajia, kuanzia saa 7 mpaka saa 10 mchana, saluni. Mteja anayesukwa rasta hana pa kwenda kwa saa tatu. Mama mwenye saluni pale Tandika, nilipomwamkia shikamoo na kumweleza shida yangu, hakuacha kusuka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi televisheni natazama kwa masikio. Macho yako kwenye kichwa cha mtu. Ninyi mnaweka watu wanaangaliana tu kimya, mimi najuaje nini kimetokea?"

Nilirudi nyumbani usiku ule nikaisikiliza tamthilia yangu yote nimeipa mgongo skrini. Alikuwa sahihi. Tukarekodi upya sentensi kadhaa, tukafanya wahusika waitane majina.

Tena tukaikata. Sehemu 13 za dakika 48 zikawa 26 za dakika 24, zinazoingia katika nusu saa pamoja na matangazo ya biashara. Watu wa fani walinionya kuwa nitaiharibu. Kuikata katikati kweli ingeiharibu; sisi tulitafuta fundo, mahali ambapo mtu amefungua mlango na bado hatujaona aliyesimama nje. Mhariri wangu na mimi tulilala studio siku nyingi. Na namba ya sehemu tukaichoma ndani ya picha yenyewe, "Sehemu ya 7", kabla ya jina la mtu yeyote, ikifuatwa na sekunde 40 za yaliyojiri. Atakayezichanganya atajionyesha mwenyewe hewani.

Kituo cha pili nilikiendea na daftari mkononi. Bosi wa vipindi alitaka tuzungumze bei. Nikamwambia bei nitashuka kidogo, saa sishuki. Nilitaka Jumatatu na Jumanne, saa 1:30 usiku, wiki 13 bila kuhama. Marudio kesho yake saa 8 mchana kwa ajili ya saluni. Na tukisukumwa na tukio la moja kwa moja, maandishi yapite chini ya skrini saa 24 kabla. Promo nilitaka sita kwa siku, nikapata nne, lakini mbili ziwe ndani ya tamthilia ya Kituruki inayotutangulia, maana rimoti iko mkononi mwa yule yule mama. Zote nilizikata mwenyewe, mpya kila wiki, na zote zilianza kwa sauti: "Jumatatu, saa moja na nusu usiku." Neno kabla ya picha. Alisita kwenye kifungu cha kutohama, kisha akasaini. Kama unauza kazi yako, hicho ndicho kifungu cha kukipigania, na leseni iwe ya muda. Kama ningeuza haki zote mara ya kwanza, leo ningekuwa nasimulia msiba.

Tulianza Januari, Ramadhani ikiwa mbali na saa za Ulaya zikiwa hazigeuki mpaka mwisho wa Machi. Gari la spika sikulikodi. Niliwatumia wenye saluni klipu za sekunde 28, kwa sababu status ya WhatsApp wakati ule ilikuwa inakata kwenye 30, tena nyepesi zisile bando. Wakaziweka wenyewe. Wiki ya tatu ule mtaa wa Tandika nilikuta mlango wa saluni umebandikwa karatasi ya mkono: "Saa 8 hatupokei simu."

Wiki ya tisa mwigizaji wetu mkuu alikwenda sokoni Rangi Tatu kununua nyanya. Muuzaji alikataa pesa yake. Alimshika mkono akamwambia, "Pole na msiba wa mumeo," naye akaja kwangu moja kwa moja kutoka sokoni, na nyanya zake, kunisimulia huku analia.

Mwezi uliopita tumeitwa kuzungumzia msimu wa pili. Kijana mmoja mpya wa masoko, mwenye heshima zake, alipendekeza tuhamie Jumamosi saa 3:30 usiku, mpira ukiisha. Nilifungua daftari langu ukurasa wa Jumamosi, nikalisukuma mbele yake, nikamuuliza, "Mpira wa mwezi gani, mdogo wangu?" Bosi wake ndiye aliyejibu. "Waache pale pale."