Nilivyoiokoa sakafu ya karafuu ya shamba letu Pemba

Shamba letu liko nje kidogo ya Wete. Majengo yaliyosalia ni ghala la mawe, kisima, na sakafu ya chokaa ya kuanikia karafuu; nyumba yenyewe ilianguka zamani na mawe yake yakaenda kujenga kwingine. Ami, ndugu wa baba yangu, alikuwa ameshaamua sakafu ichimbuliwe, imwagwe zege. Nilimwomba anipe msimu mmoja.

Wazee wa ukoo wanasema sakafu ile ilipigwa kabla ya 1897, mwaka utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba. Basi walioipiga ni watumwa. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi zinatoka huku. Majina ya waliozichuma na kuzianika hayamo katika hati yoyote ya shamba letu. Kilichobaki cha mikono yao ni ile sakafu. Nilimweleza Ami hivyo hivyo. Alinyamaza, kisha akasema, “Haya mwanangu, lakini karafuu zangu zisioze.”

Adui alikuwa saruji. Nyufa zilikuwa zimezibwa kwa saruji, na ghala nalo likapigwa lipu ya saruji. Mawe ya matumbawe hunyonya maji. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia ndani. Kuta zikawa zinatoa chumvi, lipu ikibanduka pamoja na vipande vya jiwe.

Nilimtafuta fundi mzee anayejua chokaa, maana vijana wengi wamefunzwa saruji tu. Tulibandua saruji kwa patasi, polepole. Chokaa tuliiloweka shimoni wiki kadhaa hadi ikawa laini kama samli. Mchanga wa pwani fundi aliukataa katakata kwa sababu ya chumvi. Kipimo chake kilikuwa ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na udongo mwekundu kidogo.

Sakafu ya chokaa haimwagwi, inapigwa. Unatandaza, unapiga kwa vibao, unanyunyiza maji, unapiga tena, mpaka uso ufunge. Majirani walikuja, wakapiga kwa zamu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mgongo wangu ile kazi ilikuwaje kwa mtu asiye na hiari. Kisha tuliifunika kwa makuti mabichi: chokaa hukaza taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, na jua kali huipasua. Tulifanya wakati wa kaskazi, mavuno yamekwisha na masika hayajaingia.

Gharama kubwa ilikuwa ujira, si vifaa. Ami ameshaanika mavuno juu yake na karafuu zilikauka vizuri, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande wake. Limebaki ghala: boriti mbili za mkoko zimeoza, na ukuta wa kusini bado una saruji. Nitaubandua kaskazi ijayo.