Nilivyochanganya baiskeli na mazoezi ya nusu marathoni

Hapa Arusha wakimbiaji wengi wanaamini baiskeli inaua kasi: inajaza mapaja, miguu inakuwa mizito, hatua inafupika. Nami nimekuwa nikiyasikia hayo tangu nianze mbio, na nisingeigusa kama muundi wa kushoto usingenilazimisha. Daktari alisema mfupa umeanza kuchoka ila bado haujapasuka, nisikimbie mpaka niweze kurukaruka kwa mguu mmoja bila maumivu. Kilimanjaro Marathon ilikuwa inakaribia, na kilomita 21 za Moshi ndizo nilizokuwa nazisubiri mwaka mzima.

Kocha akaniazimia baiskeli ya gia. Kabla ya yote tukaipeleka kwa fundi apandishe siti. Kipimo chake ni rahisi: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Siti ikiwa chini zaidi, goti huuma kwa mbele, na hapo umepona muundi ukaumia goti.

Halafu kocha akanikataza gia nzito. Mkimbiaji mzuri hupiga hatua kama 180 kwa dakika, yaani 90 kila mguu, kwa hiyo na pedali nizungushe karibu mara 90. Naamini hapa ndipo wenzangu wanapoharibu: wanapanda mlima kwa gia nzito, polepole, kwa nguvu za mapaja tu, kisha wanailaumu baiskeli. Mimi nilikuwa napandisha barabara ya Ngaramtoni kwa gia nyepesi, dakika chache kwa nguvu, dakika chache kwa kupumzika, nahema kweli kweli. Mapigo ya moyo yalikuwa chini kidogo kuliko ninapokimbia, na kocha aliniambia nisihangaike nayo, maana mwili umebebwa na siti.

Pumzi haikupotea. Ila kuna kitu baiskeli haikupi hata uendeshe kutwa: kishindo. Kila hatua ya mbio hutua na mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na mfupa na kano huzoea kishindo hicho kwa kukipokea. Kuteremka ndiyo kazi ngumu zaidi, kwa sababu paja linajikaza huku likivutwa. Na njia ya kilomita 21 pale Moshi inapanda kuelekea Mweka, kisha inashuka. Kwa hiyo niliporuhusiwa kukimbia, nilianza kwenye majani, kutembea na kukimbia kwa zamu, na baada ya wiki kadhaa tukaongeza miteremko mifupi.

Siku ya mbio nilipanda Mweka vizuri sana, nikapita watu. Kwenye mteremko mapaja yaliwaka moto, lakini yalihimili mpaka mwisho.

Sasa muundi umepona na baiskeli sijairudisha. Inachukua nafasi ya mbio nyepesi za siku inayofuata mbio ndefu, basi. Mbio ndefu zenyewe na mazoezi ya kasi kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid nafanya kwa miguu, na jioni ya kuamkia siku ya kasi siendeshi kabisa, kwa sababu nyonga hukaza na mizunguko ya kwanza ya uwanja inakuwa ya hatua fupi.